Simu Ije ya Tatu: Mtoto, Penseli na Safari ya Familia

Ndugu wasikilizaji mlioko hapa Babati mjini, Magugu, Galapo, Dareda na Bashnet, pamoja na yeyote anayetusikiliza redioni akiwa njiani, mazungumzo yetu ya leo ni ya safari. Wageni wanaopita barabarani kwetu wakielekea Hifadhi ya Tarangire tuwaache kwanza. Nazungumzia safari zetu sisi, tunazofungia mizigo shule zikifungwa Juni au Desemba: kwenda kwa bibi Mbulu, kwenye harusi Katesh, kumwona mjomba Kondoa, au kushuka tu hadi kando ya Ziwa Babati Jumapili, watoto wakawaone viboko kwa mbali. Mama amebeba mdogo mgongoni, baba ameshika begi, wa miaka mitano anauliza kila baada ya dakika mbili kama tumefika. Sasa swali langu kwenu ni hili: safari ikishakwisha, vumbi limeoshwa na nguo zimeanikwa, yule mtoto amebaki na nini?

Najua jibu lililowajia upesi. Mtasema amebaki na picha, maana simu imejaa picha. Ni kweli, siku hizi hatuna njaa ya picha. Lakini hebu tuulizane taratibu: picha hizo ni za nani? Aliyezipiga ni mzazi, simu ni ya mzazi, namba ya siri anaijua mzazi, na mara nyingi walioziona ni marafiki wa mzazi, kwenye status inayofutika yenyewe saa 24 zikitimia. Mtoto yumo ndani ya picha, lakini hana picha. Ndiyo maana leo nina jambo moja tu la kuwaambia, nitalieleza, nitalitetea, na nitalirudia hadi mlichoke. Tunaposafiri na watoto wadogo, mkono uje wa kwanza, ulimi uje wa pili, simu ije ya tatu. Mkono ni kuchora, kufinyanga, kutengeneza. Ulimi ni kusimulia. Simu ni kuhifadhi yale ambayo mkono na ulimi vimekwisha kuyazaa. Simu siifukuzi safarini. Naipanga tu kwenye foleni, na nafasi yake ni ya tatu.

Kwa nini nasema hivyo? Tuanze na ushahidi. Mwaka 2014 mtafiti wa saikolojia huko Marekani, Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwenye simu angefaa kulijua. Aliwapeleka watu kwenye jumba la makumbusho, akawaambia vitu vingine wavitazame tu, vingine wavipige picha. Kesho yake akawapima kumbukumbu. Vile walivyovipiga picha ndivyo walivyovikumbuka vibaya zaidi kuliko walivyovitazama kwa macho tu. Ni kana kwamba akili iliona kamera imeshika kazi, ikakaa pembeni. Lakini kuna sehemu ya pili ya jaribio lile ambayo watu huisahau: walioambiwa wavute kamera karibu, wapige sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu zao hazikupungua. Maana yake nini? Maana yake kosa si la kamera. Kosa ni kupiga bila kutazama. Aliyelazimika kuchagua sehemu alilazimika kutazama, na aliyetazama alikumbuka.

Hapo msikilizaji makini anaweza kunipinga, na ana haki. Atasema: mbona wapo watafiti wengine walioona kinyume? Kweli wapo. Mwaka 2017 Alixandra Barasch na wenzake walionyesha kwamba watu wanaojipigia picha kwa hiari yao, wakichagua wenyewe cha kupiga, hukumbuka vizuri zaidi walichokiona. Sitaficha hilo. Ila hawakuishia hapo: watu walewale walikumbuka pungufu kile walichokisikia. Jicho lilipata, sikio likapoteza. Nawaomba mlipime hilo kwa mizani ya safari zetu. Mtalii anayekwenda Tarangire kuona tembo pengine hapotezi kikubwa, kwa sababu amefuata cha kuonwa. Sisi tunapokwenda kwa bibi, tumefuata nini hasa? Tumefuata maneno: habari za ukoo, nani alihamia wapi na kwa nini, mwaka ule wa njaa watu walikula nini, shamba lile mpaka wake uko wapi. Mali ya safari zetu nyingi inaingilia sikioni. Chombo kinacholisaidia jicho na kulipunja sikio, tusikipe nafasi ya kwanza.

Sasa mkono. Kwa nini nimeutanguliza? Kwenye Chuo Kikuu cha Waterloo, nchini Canada, Jeffrey Wammes na wenzake walitoa mwaka 2016 mfululizo wa majaribio mepesi kuyaelewa. Watu walipewa maneno. Mengine wayaandike, mengine wayachore. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi kuliko yaliyoandikwa, na tofauti haikuwa ndogo. Tena uzuri wa mchoro haukuwa na neno. Asiyejua kuchora alinufaika kama anayejua, hata alipopewa sekunde chache tu. Ni haki kuwaambia kwamba waliojaribiwa walikuwa watu wazima, hawakuwa watoto wa chekechea, kwa hiyo sitawaapia kwamba mtoto wako wa miaka minne atapata matokeo yaleyale. Lakini sababu yenyewe inaeleweka na yeyote. Ili umchore ng'ombe wa babu, lazima uamue pembe zilielekea juu au chini, baka jeusi lilikuwa ubavuni au shingoni, na kama alikuwa amesimama au amelala. Kila uamuzi mmoja ni kutazama mara moja zaidi. Picha ya simu haikuulizi swali hata moja. Inachukua pembe na baka vyote kwa mpigo, na wewe hujaona kimojawapo.

Ninaposema kuchora, msidhani nazungumzia watoto wenye masanduku ya rangi za dukani tu. Watoto wa mkoa wetu wa Manyara wana sanaa zao ambazo hatukuwafundisha. Wanafinyanga ng'ombe wa udongo, wanaunda magari ya waya yenye magurudumu ya ndala zilizochakaa, wanasuka kamba, wanatunga ushanga. Mtoto aliyetoka Arusha kwa basi, akarudi nyumbani akaunda basi la waya lenye keria juu na mizigo yake, ameandika ripoti ya safari. Ameikumbuka keria. Ameikumbuka ngazi ya nyuma. Nchi yetu pia ina ushahidi wa wazi kwamba sanaa haisubiri vifaa vya bei mbaya. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya hadibodi na rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na leo mtindo wake unabeba jina lake duniani kote. Na hapa kwetu, sketi za ngozi za akina mama wa Kiiraqw na Kidatoga, zilizopambwa kwa shanga kwa uvumilivu wa siku nyingi, zilikuwa kazi za mikono za watu wenye mashamba na mifugo ya kushughulikia. Kwa hiyo tusiseme sanaa ni ya wasio na kazi.

Ndugu msikilizaji, mfano mkubwa zaidi wa jambo ninalolisema uko jirani sana na hapa. Ukitoka stendi ya Babati kwa barabara ya Kondoa, ukapita Bonga, ukapanda milima ya Bereko, hujamaliza saa mbili umefika Kolo. Barabara hiyo, kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, ilizinduliwa rasmi ikiwa ya lami mwaka 2018, kwa hiyo siku hizi hata mwenye mtoto mchanga anaweza kuipita bila kutikiswa mbavu. Kwenye miamba ya Kolo na vilima vinavyoizunguka kuna michoro ya kale ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiingiza mwaka 2006 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia: twiga, tembo, watu wembamba warefu wenye mapambo ya ajabu vichwani, wengi kwa rangi nyekundu, na michoro ya baadaye kwa rangi nyeupe. Mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliifanyia michoro hiyo kazi ya kuinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, umbo kwa umbo. Kitabu chake cha nakala hizo kilitoka mwaka 1983. Kamera zilikuwapo mwaka 1951. Kwa nini basi alihangaika na kalamu? Kwa sababu kwenye mwamba ule michoro imepandiana, rangi zimefifia, ufa wa jiwe unafanana na mguu wa swala. Kamera inachukua vyote sawasawa. Mchoraji analazimika kukaa, kutazama, na kuamua: huu ni mguu, ule ni ufa.

Na mama huyo alijifunza wapi kutazama hivyo? Hapa ndipo safari ya familia inapoingia. Mary alizaliwa mwaka 1913, baba yake akiwa mchoraji wa mandhari, Mwingereza aliyezoea kuzunguka na mke na binti yake kusini mwa Ufaransa akitafuta vya kuchora. Katika mizunguko hiyo Mary alikusanya mawe yaliyochongwa na watu wa kale, na padri mmoja mwanaakiolojia, Amédée Lemozi, aliwapeleka kuona michoro ya pangoni Pech Merle. Baba yake alifariki mwaka 1926, binti akiwa na miaka 13 tu. Shule rasmi hazikumkaa. Ila alijua kuchora, na mchoro ndio uliomfungulia mlango wa akiolojia, maana alianza kwa kuwachorea watafiti vitu walivyovifukua. Sisemi kila mtoto anayechora njiani atakuwa Mary Leakey. Nasema mambo matatu yalikutana ndani ya utoto mmoja: safari, mkono unaochora, na mtu mzima mwenye subira ya kueleza. Matokeo yake yamebaki kama nyaraka za urithi wetu sisi, hapo Kolo.

Tuje kwenye ulimi, maana mchoro peke yake hautoshi. Watafiti wawili, Elaine Reese wa New Zealand na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, wametumia miaka mingi kusikiliza wazazi wanavyozungumza na watoto wadogo kuhusu mambo yaliyopita. Waligundua wazazi ni wa aina mbili. Wapo wanaouliza kama polisi: "Tulikwenda wapi? Nani alikuwepo? Taja." Mtoto akikosa, swali linarudiwa lilelile. Na wapo wanaofungua mazungumzo: "Tulipofika kwa bibi kulikuwa na nini mlangoni? Eeh, yule mbwa! Na wewe ulifanyaje alipobweka?" Watoto wa hawa wa pili ndio wanaokuja kuwa wasimulizi wazuri wa maisha yao wenyewe. Sasa angalieni jinsi mkono na ulimi vinavyosaidiana. Mtoto wa miaka minne ukimwuliza hewani "safari ilikuwaje?" atakujibu "nzuri," basi, amekimbia kucheza. Mwekee mbele mchoro alioufanya mwenyewe, halafu umwulize "huyu nani?" Atakueleza dakika kumi. Na tafadhali, msimcheke wala kumsahihisha. Akimchora ng'ombe wa miguu mitano, muulize ule wa tano ni wa nini. Huenda ni mkia, huenda ni fimbo ya babu. Jibu lake ndilo kumbukumbu yenyewe.

Nimesema mkono wa kwanza, ulimi wa pili. Sasa nizijibu hoja ambazo najua zinawawasha. Hoja ya kwanza: "Ndugu mtangazaji, mtoto huyo mdogo atasahau yote. Nani anakumbuka mambo ya miaka mitatu?" Ni kweli, watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu au minne. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kusimulia, wala haiwi sababu ya kuacha. Kumbukumbu ya utotoni ambayo hairudiwi hupotea. Inayorudiwa na watu wa nyumbani hupata mahali pa kukaa. Hata kama tukio lenyewe litafutika, mtoto anabaki na ufundi wa kupanga habari: kwanza tulifanya hivi, kisha vile, nilisikia hofu, baadaye nikafurahi. Ufundi huo ataupeleka darasani, atauhitaji akiandika insha, na atauhitaji siku atakapotakiwa kumweleza daktari maumivu yalianza lini. Hiyo ni faida isiyotegemea kama anamkumbuka mbwa wa bibi au hamkumbuki.

Hoja ya pili ni ya pesa na muda: "Sisi hatuna likizo za kutalii, mtoto nampakata kwenye basi, mwingine amelala miguuni, hapo daftari nitaliweka wapi?" Hoja nzuri, na jibu lake ni kwamba sijasema mchore ndani ya basi. Mtoto anayeinama kwenye karatasi gari likiwa kwenye kona atatapika, na safari nzima itaharibika. Ndani ya gari ni saa ya macho na ulimi: hesabuni punda, tafuteni Mlima Hanang uko upande gani, sikilizeni kondakta anavyotaja vituo. Kuchora ni jioni, mmefika, mmekula, mtoto ametulia. Dakika kumi na tano zinatosha. Gharama yake ni penseli moja na daftari la shule, na kwa wenye watoto kadhaa, kaunta buku moja la familia. Wala safari haihitaji hoteli. Kwenda msibani ni safari. Kumpeleka mdogo wake kliniki ni safari. Kushuka Ziwa Babati ni safari; mkae tu mahali pa usalama, mbali na maji, maana viboko hawana mzaha. Na mkiamua kwenda Kolo, pitieni ofisi ya wasimamizi iliyopo palepale, mpate kibali na mtu wa kuwaongoza, muwavalishe watoto viatu vya kukamata kwa sababu kuna kupanda mawe, na muwafundishe mapema: miamba haiguswi, na haimwagiwi maji ili rangi zing'ae, kwani kufanya hivyo ni kuiharibu.

Hoja ya tatu: "Karatasi inalowa, inaliwa na mchwa, inafungiwa maandazi. Simu ndiyo salama." Hapo tuwe waangalifu, kwa sababu simu nayo inaibiwa, inadondoka kwenye beseni, memori kadi inagoma. Hata ghala za mtandaoni tunazoambiwa ni za milele hubadilisha masharti bila kutuuliza. Tarehe 1 Juni 2021 Google waliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo. Desemba 2023 programu ya Evernote, iliyokuwa kimbilio la watu wengi wa kuandika kumbukumbu, iliwawekea wanaoitumia bure kikomo cha kumbukumbu 50. Kwa upande wa pili, tazameni karatasi inavyoweza kudumu ikipata mtu. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Zilikuwa barua za kawaida za ndugu kwa ndugu. Mdogo mtu akazitunza. Mwandishi alifariki mwaka 1962. Barua zile zikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baadaye, na leo tunamjua Shaaban Robert wa nyumbani kwa sababu ya ndugu aliyekataa kuzitupa. Kwa hiyo bishano la karatasi na simu si bishano lenyewe. Kinachookoa kumbukumbu ni mtu aliyepewa jukumu. Nyumbani kwenu ni nani? Kama hamna jibu, simu ya bei kubwa haitawasaidia.

Hoja ya nne naisikia kwa wazee wetu: "Mambo ya kuandika andika safari ni ya wageni. Sisi tunasimuliana." Wazee wangu, kusimuliana mnakosema ndiko nilikokuweka nafasi ya pili, mbele ya simu, kwa hiyo tuko pamoja. Lakini kuandika safari nako ni kwetu. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake kwa Kiswahili zilichapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, pamoja na safari za wengine waliopita bara yetu hii. Walioandika walikuwa Waswahili wakiangalia nchi za watu kwa macho yao. Mtoto anayechora safari yake leo hakumwiga mgeni. Yupo ndani ya mila iliyopita miaka mia moja kitambo.

Baada ya hapo, simu sasa. Nimeiweka ya tatu, lakini ya tatu haimaanishi haina kazi. Ina kazi tatu, na ikizifanya vizuri tutaishukuru. Kazi ya kwanza ni kupiga picha mchoro. Mchana, karibu na dirisha, karatasi nzima ionekane, halafu mwandike chini yake maneno ya mtoto kama alivyoyasema bila kuyanyoosha. Jina la picha lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha mahali, kwa mfano 2025-06-14 Kolo. Mkifuata mpango huo, simu yenyewe itazipanga safari zenu kwa mfululizo, na miaka mitano baadaye mtaitafuta Kolo mkaipata. Kazi ya pili ni kurekodi sauti, na hii hata simu nyingi za kitochi zinaiweza. Nawaomba wana Manyara mliangalie hili kwa uzito wake. Eneo letu ni mojawapo ya maeneo machache sana barani ambako lugha za makundi manne tofauti zinakutana: Kimbugwe na Kirangi za Kibantu, Kiiraqw na Kigorowa za Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, na kwa majirani zetu Kisandawe na Kihadza zenye vidoko. Watoto wetu wengi hapa mjini wanakua na Kiswahili tu. Bibi akisimulia kwa Kigorowa, mtoto akamwuliza kwa Kiswahili, nyote mkirekodi, mmepata kitu kisichouzwa dukani. Anzeni kwa kutaja jina la bibi, mahali na tarehe, na kabla ya kubonyeza mumwombe ruhusa. Kazi ya tatu ni kunakili: nakala moja ibaki kwenye simu, ya pili kwenye memori kadi inayokaa sandukuni, ya tatu kwa shangazi au mjomba anayeishi mji mwingine. Moto ukishika nyumba moja, nyingine imesalia.

Na kuhifadhi si kutangaza. Hilo nalo nilisisitize. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, busara inatosha kutuuliza: picha ya mtoto akiwa na sare yenye jina la shule, au picha inayoonyesha tuko safarini na nyumba haina mtu, kwa nini aione kila mwenye namba yangu? Mchoro wa mtoto unaweza kutumwa kwa ndugu bila kumwanika mtoto. Hiyo nayo ni faida ya kuutanguliza mkono, ambayo wengi hatukuihesabu.

Wapendwa wasikilizaji, muda wetu unatutupa mkono, kwa hiyo nirudie. La kwanza, mkono: mtoto achore au aunde kitu kimoja kila jioni ya safari, tusimsahihishe. La pili, ulimi: tumwulize maswali yaliyo wazi juu ya alichochora, nasi tuongeze yetu. La tatu, simu: ihifadhi mchoro, maneno na sauti, kwa tarehe na mahali, katika nakala tatu, kwa jukumu la mtu anayejulikana. Mkibadilisha mpangilio huo, simu ikatangulia, mtarudi na picha mia tano na mtoto asiye na la kusema. Mkiufuata, hata picha zikiwa tano tu, zitakuwa na mwenyewe. Kazi ya kufanya kabla ya likizo ijayo ni ndogo: wiki hii nunueni daftari moja, mwandike juu yake jina la familia, na mkubaliane mezani nani atalitunza. Ningeshauri mtunzaji awe mtoto mkubwa wa nyumba, maana ndiye atakayeishi nalo muda mrefu kuliko sisi.